Maliza Salamu Ndani ya Basi

Walisema sitaweza. Naanza na hao kwa sababu wengine bado wako hai, na kumbukumbu hizi zikifika kijijini Mvumi watasomewa.

Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni mjomba wangu Lechipya, kaka yake marehemu mama. Siku nilipokwenda kumwambia kwamba nimepata nafasi ya kusomea utalii Korea ya Kusini, na kwamba nitakuwa mwongoza watalii mwenye leseni, nilimkuta anakamua. Hakuacha kukamua.

"Umwongoze nani?" akaniuliza. "Mbuzi wangu wawili walikupotea mchana kweupe, kwenye uwanda ambao mtu anaona mpaka kesho. Leo ukawaongoze Wazungu?"

Mwalimu Ndahani wa Buigiri, aliyenifundisha Kiingereza jioni baada ya yeye kustaafu, alisema Kiingereza changu bado kinatambaa, na Kikorea kitanikanyaga. Bwana Kanji, mwenye duka la vitambaa mjini ambako nilikuwa nikipakua majora, alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani. "Yona, wewe hodari wa kubeba," akasema. "Baki kwenye kubeba."

Ajabu ni kwamba hao hao ndio walioniondoa Dodoma. Bwana Kanji alitoa sanduku lake la ngozi, lile alilokuja nalo baba yake. Mwalimu alitoa kamusi. Mjomba alitoa koti lake zito jeusi la mnadani, ambalo alikuwa akilivaa msimu wa baridi tu, upepo wa Dodoma unapoanza kukata masikio. Kila mmoja, bila kuambizana, alisema neno lile lile: "Nakuazima." Mjomba ndiye aliyefafanua. "Sikupi. Ningekupa, ungekaa nalo huko huko. Nakuazima, maana yake lazima urudi."

Nikaondoka nimevaa deni, nimebeba deni, na ndani ya deni kuna deni jingine la maneno.

Sitawachosha na habari za masomo. Nilisoma lugha yao mpaka nikaota kwa lugha hiyo, kisha nikasoma utalii nikapata stashahada. Imetundikwa sebuleni kwangu Miyuji, ndani ya kioo; anayeitilia shaka apige hodi, chai ipo. Baada ya hapo nikafanya mtihani wa leseni ya kuongoza wageni, na katika chumba kile nilikuwa mimi peke yangu niliyetoka nchi ya uwele na mtama. Nilifaulu mara ya kwanza.

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti la mjomba. Kampuni ilikuwa ndogo, ikipeleka watalii mahali pamoja tu: mpakani. Niwaeleze vijana mnaosomea kazi hii, kwa sababu mpaka ule si kama wa kwetu ambako mtu anavuka na kuku wake kwenda kumwona shemeji. Korea ni watu wa lugha moja waliogawanyika nchi mbili. Vita vyao vilisimamishwa, lakini mkataba wa amani haukutiwa saini. Katikati yao umebaki ukanda wa msitu uliozungushiwa seng'enge, mabomu yamefukiwa ardhini, na askari pande zote mbili wanatazamana usiku na mchana. Watu wanatoka duniani kote kwenda kuutazama. Wanafika na kofia za jua na chupa za maji kama wanaokwenda kuona tembo.

Meneja wa Safari, mama mmoja mwembamba aliyevaa saa ya kiume, aliniweka kwenye basi nikiwa msaidizi. Kazi ya msaidizi ni kuhesabu vichwa, yaani kuhakikisha kwamba walioshuka ndio waliopanda. Mpakani hilo si jambo dogo. Unapofika kwenye mstari wa raia, mahali ambapo raia hapiti bila kibali, askari anapanda ndani ya basi, anatazama pasi moja moja na uso mmoja mmoja. Kutoka ni vivyo hivyo. Mtu mmoja akipungua, basi halitoki.

Tuliposhuka kituo cha kwanza na kupanda tena, Meneja aliniuliza, "Wangapi?"

"Wote wapo," nikasema, "isipokuwa mama mwenye skafu ya kijani na yule baba anayechechemea mguu wa kushoto."

Akahesabu yeye. Wawili walipungua, na ni hao. "Umehesabu saa ngapi? Sikukuona ukihesabu."

"Sikuhesabu, mama. Kwetu mifugo haihesabiwi, inatambuliwa."

Wiki ile ile nikatolewa usaidizi, nikawa mwongozaji kamili. Sijasikia mwingine aliyetolewa upesi hivyo.

Nilipangiwa kwanza kituo cha darubini. Ni kilima chenye jukwaa, wageni wanapanga foleni kuchungulia upande wa Kaskazini: mashamba, bendera ndefu, mtu mmoja juu ya baiskeli. Hapo nilijifunza kunyamaza. Mgeni akishamwona yule mtu wa baiskeli hataki maelezo tena, anataka aachwe naye kidogo. Kisha nikahamishiwa handakini. Ni njia iliyochimbwa chini ya mpaka kupitia kwenye mwamba, wageni wanateremka na kofia ngumu wakiwa wameinama. Mimi ni mrefu, na mwamba ule unanijua. Hapo nilijifunza kuongea, maana mtu aliye chini ya ardhi anatulizwa na sauti.

Mwisho nikapandishwa kwenye vibanda vya buluu. Kwa mwongozaji hakuna daraja juu ya hilo. Ni vibanda vya mikutano vilivyojengwa juu ya mpaka wenyewe, nusu huku na nusu kule. Nje, kati ya kibanda na kibanda, mpaka ni tofali refu la saruji lisilofika hata kwenye goti. Askari wa Kusini wamesimama kwa miwani myeusi na ngumi zimekazwa, kama waliomwagwa kwenye kalibu. Ng'ambo, kwenye ngazi za jengo la kijivu, yupo askari wa Kaskazini, naye amesimama.

Aliyenipandisha ni Mkuu wa Waongozaji, mzee aliyenyoa upara na asiyependa kurudia neno. "Mwongozaji bora haonekani," aliniambia. "Mgeni arudi kwao akikumbuka mpaka, asikukumbuke wewe." Hilo tu ndilo sikuweza kumtii, kadi zao za salamu ninazo mpaka leo. Lakini la pili nililishika. "Kabla hawajashuka, toa hotuba ya basi. Wasinyooshe kidole, wasipunge mkono, wasiongee na mtu wa upande wa pili. Mgeni akikosea, yeye atapanda ndege aende kwao. Kibali kitakachofutwa ni chako, na hakirudi."

Miaka yote ile mgeni wangu hata mmoja hakukosea. Nilikuwa nikisimama mbele ya basi, natoa hotuba kwa Kiingereza, kisha Kikorea, na basi zima linashuka kimya kama kanisani siku ya Ijumaa Kuu. Waongozaji wapya walikuwa wakiletwa kunisikiliza.

Ndipo nikamwalika mjomba.

Nisiseme uongo: nilimwalika aje anione. Barua zake na simu zake zote ziliishia mahali pamoja. "Na hao watu wako, bado hawajakupotea?" Nilitaka akae kiti cha mbele, aone basi zima la Wazungu, Wajapani na Wahindi likimfuata mpwa wake, likisimama aliposimama. Nikamlipia safari, akashuka uwanja wa ndege na fimbo yake na kofia yake ya pama, akauliza mbona hapana vumbi.

Ilikuwa baridi. Nikavua koti nimvalishe. Akaligusa ukosi, akalitambua.

"Hili si langu?"

"Ni lako, mjomba. Vaa."

"Sivai. Utanirudishia nyumbani. Hapa si mahali pa kurudishiana vitu."

Akatembea na sweta lake mpakani, akitetemeka kwa heshima zake.

Siku ya safari nilitoa hotuba kwa Kiingereza na Kikorea, kisha nikainama kwenye kiti cha mbele nikamwambia kwa Kigogo: usinyooshe kidole, usipunge mkono, usiongee na watu wa upande wa pili. Akaitikia kwa kichwa. Fimbo akaiacha kwenye basi mwenyewe, akisema fimbo nayo inaweza kuonekana kidole.

Tukapanga mistari miwili, tukatokea juu ya ngazi zinazotazama vibanda. Siku hiyo askari wa Kaskazini alikuwa ameteremka, amesimama karibu na tofali la mpaka kuliko kawaida. Afisa wa Zamu wa upande wetu, kijana aliyetakata, alikuwa pembeni yangu. Wageni walikuwa kimya. Nilimtazama mjomba niuone uso wake, maana hii ndiyo saa niliyomletea.

Mjomba alikuwa anawatazama wale watu waliosimama. Akawatazama wa huku, akawatazama wa kule. Akavua kofia yake, akaishika kifuani, na kwa sauti ya mtu wa malishoni, ile inayovuka korongo bila kupigwa kelele, akasema:

"Mbukwenyi."

Ni salamu yetu Wagogo. Asiyeijua na aijue leo. Ilikwenda ikagonga jengo la kijivu ikarudi. Askari mmoja wa miwani aligeuza shingo, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Yule wa kule hakutikisika. Na mjomba hakuondoka. Alisimama na kofia kifuani anangoja ajibiwe.

Afisa wa Zamu aliturudisha wote nyuma ya ukuta. Wageni wakasimamishwa upande. Akaniita mimi na mjomba.

"Mgeni wako amewasiliana na upande wa pili," akasema. "Na amevua kofia. Lazima nitoe taarifa. Amesema nini?"

"Amesalimu, afande."

"Neno kwa neno."

Salamu haina neno kwa neno. Nikaona kibali changu kinaondoka na kazi yangu yote ndani yake, na mtu wa kwenda kunisimulia Mvumi yuko hapa hapa, amekuja kwa tiketi yangu.

"Anasemaje huyu kijana?" mjomba akauliza.

"Anauliza kwa nini umeongea na wale, na mimi nilikukataza."

"Sijaongea," mjomba akasema. "Nimesalimu. Kuongea ni baadaye, wakishajibu."

Nikatafsiri. Afisa hakucheka. "Amemsalimu nani? Yule askari?"

Nikatafsiri tena. Mjomba alimtazama Afisa kama anavyomtazama mnunuzi mnadani aliyeshika pembe za ng'ombe asiyeuzwa.

"Mwambie, ningemsalimu yule mmoja, ningesema mbukwa. Nimesema mbukwenyi. Ni ninyi nyote. Wale wa kule, hawa wenye miwani ya jua na jua halipo, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama pale. Tena mwulize, yeye mbona hakuitikia?"

Mwongozaji mwingine angeyapunguza makali maneno hayo. Mimi nilisoma. Najua kwamba Kikorea, kama Kigogo, kina lugha ya kumsemesha mkubwa na lugha ya kumsemesha mdogo, na mtu anayeikosea hutazamwa kama aliyekosa malezi. Nikamweleza Afisa kwa lugha ya heshima ya juu kabisa: neno hili ni la wengi, au la mmoja unayemheshimu kama wengi; kwao mzee huyu, mtu hapiti penye watu waliosimama bila kulisema, na anayelisema hubaki amesimama mpaka ajibiwe, kwa sababu asiyejibu anamaanisha hakukuona kuwa mtu. Kisha nikatafsiri swali la mwisho, lote.

Afisa alimtazama mjomba. Halafu akauliza lile ambalo Wakorea huuliza kabla ya yote. "Mzee ana umri gani?"

"Mwambie Uhuru ulinikuta nachunga," mjomba akasema.

"Amemzidi baba yako, afande," nikatafsiri.

Afisa akatazama upande wa vibanda, akatazama buti zake. Kisha akageuka akawapa vibanda mgongo, akamwelekea mjomba, akainama kama wanavyoinamia wazee wao.

"Mbukwenyi," akasema. Alilivunja katikati, lakini lilifika.

"Ndiyo," mjomba akasema, akavaa kofia.

Afisa akaniambia kwa sauti ya chini, "Nitaandika kwamba mgeni aliwasalimu waliokuwapo. Mimi nilikuwapo." Akarekebisha mkanda. "Safari nyingine, mwongozaji, amalize salamu ndani ya basi."

Njiani kurudi mjomba alisubiri mpaka tukavuka mstari wa raia. Kisha akaniuliza kwa nini yule wa kule hakujibu. Nikamwambia haruhusiwi.

"Na hawa ni ndugu?"

"Ndugu. Lugha moja."

"Kwetu hata waliopelekana baraza la ardhi husalimiana kwanza asubuhi," akasema, "ndipo wanaingia ndani kutukanana." Akatazama dirishani. Baadaye akaongeza, kana kwamba anazungumza na kioo, "Basi lako halina mtu aliyepotea."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza mazuri kwangu tangu nikiwa mtoto. Nami sikuyajibu, nilikuwa nashughulika na wageni.

Kesho yake Mkuu wa Waongozaji aliniita. Taarifa ilikuwa mezani kwake. Nilikwenda na leseni yangu mkononi ili asipate kazi ya kuidai. Akaisoma taarifa, akaiweka chini.

"Hotuba yako ilikuwa na pengo," akasema.

"Ilikuwa na pengo, Mkuu. Nilikataza kuongea, sikukataza kusalimu. Kwetu ni vitu viwili."

"Ni watu wangapi wengine duniani ambao kwao ni vitu viwili?"

"Wengi, nadhani."

"Andika upya hotuba. Ya kampuni nzima."

Nikaiandika. Tangu siku hiyo, kwenye mabasi yetu, kabla ya kufikia vibanda, mwongozaji anasimama na kusema: kila mtu amsalimu jirani yake kwa lugha ya kwao, kwa mikono, kwa kuinama, kwa namna yoyote, mpaka salamu ziishe, nje hakuna salamu. Mtu akishasalimu vya kutosha hushuka ametulia. Hakuna shule iliyonifundisha hilo, na nasikia mpaka sasa wanafanya hivyo, ingawa wasafiri hawajui desturi hiyo ilikotoka. Sasa mnajua.

Nikamaliza kazi nikiwa mkufunzi wa waongozaji wapya, cheo ambacho hakuna mgeni aliyewahi kupewa katika kampuni ile. Nilipostaafu waliniuliza nitabaki au nitarudi. Nikawaonyesha koti.

Nilipofika Dodoma sikulala Miyuji hata kidogo kabla ya kupanga siku moja ya kurudisha kila kitu. Vijana, mtu akikuazima, usirudishe vipande vipande. Rudisha siku moja, ujue siku hiyo ni ipi.

Asubuhi nilianza na Bwana Kanji. Amezeeka, duka anakaa mwanawe, yeye yuko kwenye kiti mlangoni. Aliligeuza sanduku juu chini, akaligonga kwa kifundo cha kidole. "Kitasa umebadilisha," akasema.

"Cha zamani kilichoka, Bwana Kanji."

"Hiki kizuri zaidi." Akamwita mwanawe. "Tazama, huyu ndiye aliyekuwa anabeba majora hapa. Shikamoo ulimpa?"

Adhuhuri nikawa Buigiri. Mwalimu Ndahani macho yamepungua. Aliitambua kamusi kwa harufu. Akaifungua popote, akaweka kidole, akaniambia nimsomee neno lililo chini ya kidole na kulieleza. Nikalieleza kwa Kiingereza, kwa Kikorea, na kwa Kigogo kwa sababu alikuwa na mjukuu pale. "Kimeacha kutambaa," akasema. Kwa Mwalimu Ndahani hiyo ni shahada.

Jua lilipoanza kupoa nikafika Mvumi. Mjomba alikuwa nje ya zizi ameketi kwenye kigoda chake. Nikaweka koti mapajani mwake. Nililipeleka kwanza kwa fundi akashona bitana upya. Alichunguza vifungo, kwapa, ukosi. Akalivaa papo hapo, na joto lile.

"Limerudi," akasema. "Na mbuzi?"

Nilijua atauliza. Nikarudi kwenye gari nikawashusha. Nilikuwa nimezunguka minada yote ya Chamwino kuwatafuta: mmoja wa madoa meusi mwenye paji jeupe, mwingine mwekundu. Wale walionipotea walikuwa hivyo hivyo. Sikuwahi kuwasahau, hata handakini. Mjomba alisimama, akawazunguka na koti lake. Hakuwahesabu. Aliwatambua.

"Mwekundu wangu alikuwa na pembe iliyovunjika."

"Huyu mpe muda, mjomba. Mkorofi sana."

Akawaingiza zizini mwenyewe, akafunga mlango kwa mti. Akakaa muda amenipa mgongo, amekamata ule mti. Kisha akageuka, akavua kofia yake ya pama, akaishika kifuani, juu ya koti.

Tangu nazaliwa, mjomba amenisalimu mbukwa. Ndivyo mtoto anavyosalimiwa, na mpwa, na mtu aliyepoteza mbuzi.

"Mbukwenyi," akasema.

Niligeuka kutazama ni nani wengine wamefika nyuma yangu. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mimi tu, na wale mbuzi wawili upande wa pili wa fito, na mpaka leo amekataa kuniambia kama na wao aliwasalimu. Alibaki amesimama na kofia kifuani, akingoja, nami nikamjibu.